Baba Alikuwa Dereva

Tabora ya utoto wangu ilikuwa mji wa miembe na treni. Miembe ilisimama kando ya barabara mistari mirefu, na msimu ukifika embe zilianguka zikaozea pale pale, maana hakuna mtu wa Tabora aliyedhani embe ni kitu cha kununua. Treni ndizo zilizotupa saa. Reli ya Kati ikifika kwetu hugawanyika, mkono mmoja unakwenda Kigoma, mwingine Mwanza, hivyo usiku na mchana honi hazikukoma. Bibi, mama yake Baba, aliweza kusema bila kuchungulia nje kwamba ile ni ya Mwanza, na imechelewa.

Tuliishi Isevya, katika nyumba ya Bibi ya udongo, iliyopigwa lipu na kuezekwa bati. Baba alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi, dereva wa lori, na alikuwa na kitanda kambini na kitanda nyumbani. Siku aliyolala kwetu tuliijua kwa kutazama uani tu: fagio limekwisha kupita kabla ya adhana ya alfajiri, na mawe yaliyozunguka mpapai yamepakwa chokaa upya. Mama alilalamika kwamba ameolewa na mtu anayepaka chokaa kila kisichotembea. Mtaani walimwita Afande, hata waliomzidi umri, na hao waliomzidi aliwaamkia mmoja mmoja asimruke yeyote, awe shehe au muuza mkaa.

Wazee walioijua vita walikuwepo. Karibu na soko walikaa wawili watatu waliokwenda Burma na jeshi la KAR wakati wa Mwingereza, mmoja wao bado na koti la kaki lililobaki mishono tu. Kwetu sisi watoto vita ilikuwa mali ya wazee hao, kitu kilichofanyika katika nchi ambazo treni haifiki.

Kisha ikaja Oktoba 1978. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Siku ya pili yake Mwalimu Nyerere alizungumza kutoka Dar es Salaam, na redio ya Bibi, ambayo kwa kawaida ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na vifo tu, ikazungukwa na nusu ya mtaa. Uwezo, sababu, nia: maneno hayo matatu yaliingia vinywani mwetu usiku ule ule, na kesho yake tulikuwa tukiyatumia kugombea zamu ya kuruka kamba. Siku ya tatu daraja la Kyaka likalipuliwa. Sikujua Kyaka ni wapi. Nilichoona ni Baba kukaa kimya mbele ya sahani, kisha kumwuliza Bibi, ambaye hakuwahi kufika huko, kama mto ule una kivuko kingine.

Hilo ndilo swali lake la kwanza kuhusu vita ninalolikumbuka. Hakuuliza Amin ana vifaru vingapi. Aliuliza lori litapita wapi.

Aliondoka usiku, kwa treni ya Mwanza, lori lake likiwa limefungwa minyororo juu ya behewa la wazi. Mama alimfungia matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Ni chakula kinachoweza kukaa mfukoni mwezi mzima na kikaliwa bila moto. Kwa heri yake kwangu ilikuwa fupi: "Mama, usimsumbue bibi yako." Alikuwa akiniita mama tangu nilipozaliwa. Nilikuwa na miaka saba.

Mji ulibadilika haraka. Mabasi yalipungua, kwa sababu jeshi lilichukua magari ya raia kubebea askari, na watu waliozoea kwenda Nzega kwa basi wakajikuta wanangoja siku mbili. Vijana wa mgambo, waliokuwa wakichekwa kwa kufanya kwata na fimbo, waliitwa kweli na kupewa bunduki kweli, na mama zao hawakucheka tena. Watu walichanga ng'ombe, mahindi, fedha. Mwishoni mwa Machi 1979 ikaja habari kwamba ndege ya Libya, rafiki wa Amin, iliyotumwa kulipua matangi ya mafuta Mwanza ilikosa shabaha na kuangusha mabomu kwenye kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini. Ghadafi kapigana na swala! Bibi hakucheka. Alisema Mwanza ndiko mwanawe alikopakulia lori lake.

Barua za Baba hazikuwa na vita. Nilikuwa ndiyo kwanza najua kusoma, na Mama alinifanya nizisome kwa sauti, ili Bibi asikie na pia ili mimi nijizoeze. Zilianza na salamu zilizojaza nusu ya ukurasa, kila jirani kwa cheo chake, kisha zikaingia kwenye mvua. Mvua huku ni nyingi. Barabara imekatika, tumelala hapa. Leo tumevuka. Tope ni jekundu, si kama la kwetu. Springi ya mbele imevunjika, nimefunga kwa kamba na mti. Bibi alipenda kusikia mwanawe analala ndani ya lori badala ya handakini, na Mama alinihimiza nirudie aya hiyo.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima na ramani mkononi, ndipo nilipoziweka barua hizo mahali pake. Ile ya "leo tumevuka" ilikuwa Kyaka, kwenye daraja la chuma la kuunganisha vipande, lile la Bailey, lililowekwa badala ya lile lililolipuliwa. Mutukula ilitekwa Januari 1979. Masaka ilianguka Februari, Lukaya ikapiganwa Machi, Kampala ikaingiwa tarehe 10 na 11 Aprili, na Juni vikosi vya mbele vilikuwa vimefika mpaka wa Sudani. Ukihesabu kwa kidole kwenye karatasi ni safari nzuri, inayopanda moja kwa moja kuelekea kaskazini. Kwa Baba ilikuwa safari ya kwenda na kurudi. Askari wa miguu anakwenda mbele. Dereva anakwenda mbele na risasi, maji, unga na watu, halafu anageuza anarudi na majeruhi, na kesho anaanza tena njia ile ile iliyochimbika zaidi. Alipoulizwa alifika wapi, alijibu Kampala. Alipoulizwa amepita wapi, hapo alikuwa na habari ya jioni nzima.

Na hapo ndipo wageni walipochoka. Watu walikuja kwetu wakitaka kusikia habari za Amin, za Walibya waliotupa viatu wakakimbia, za makombora ambayo Waganda waliyaita saba saba. Baba aliwapa kinamasi. Aliwaeleza jinsi ya kujua kama tope lina chini au halina: unashuka, unachoma mti, unasikiliza. Aliwaeleza kwa nini utingo mzuri anafaa kuliko jeki mbili. Mjomba mmoja wa Mama alisinzia mbele yake, kikombe kikiwa mkononi, Baba akakichukua taratibu kisimmwagikie, akaendelea kumweleza aliyebaki macho.

Kuna mambo mawili tu ya Uganda aliyoyasema bila kuulizwa. La kwanza ni Mutukula, ambako baada ya kutekwa nyumba zilisawazishwa kwa tingatinga, kulipiza yaliyofanywa Kagera. La pili ni Masaka. Alisema ulikuwa mji mzuri, na kwamba mizinga ilipomaliza kazi yake ilikuwa vigumu kupata mtaa wa kupitisha lori. Hakusema ilistahili wala haikustahili. Alikuwa ameona pia yaliyofanyika upande wetu wa mpaka: nyumba zilizochomwa, ng'ombe waliokombwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kilichoharibiwa. Mimi ningependa angesema. Nimesoma maandishi mengi ya kishujaa kuhusu vita hivyo na machache sana yanayokaa Masaka hata kwa aya moja, na nadhani baba yangu, kwa sentensi zake mbili, alikuwa mkweli kuliko mengi ya hayo.

Alirudi kwa likizo mara moja katikati, akarudi moja kwa moja mwaka 1981, majeshi yetu yalipoondoka Uganda. Wenzake kadhaa walirudi na redio, saa na baiskeli, na mtaani palikuwa na minong'ono kuhusu jinsi vitu hivyo vilivyopatikana. Baba alirudi na gomesi, ile nguo ya wanawake wa Kiganda yenye mabega yaliyosimama na mkanda mpana kiunoni. Aliinunua Kampala, na karatasi ya dukani aliitunza ili asiwepo wa kumnyooshea kidole. Mama aliivaa kwenye harusi moja. Wanawake wa Isevya walimwuliza kama mabega yale yana matundu ya njiwa. Gomesi ikaingia sandukuni, na nina hakika Baba hakuelewa mpaka mwisho kwa nini zawadi yake haikuvaliwa tena.

Wakati huo tulikuwa ndani ya ile miezi 18 aliyotuomba Mwalimu tufunge mikanda, na miezi 18 ilikuwa imekwisha zamani, mikanda ikiwa bado imefungwa. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na foleni zenyewe zilipangwa kwa mawe: unaweka jiwe lako alfajiri, unakwenda shamba, unarudi kulitetea. Tulikula ugali wa njano. Nyumba ya askari ilikuwa na nafuu, kwa kuwa kambini kulikuwa na duka lao, na watu walijua. Walikuja jioni, mmoja mmoja, wakiwa na fedha mkononi. Baba hakuuza hata kipande cha sabuni. Alikata mche mmoja vipande kwa uzi, akapeleka nyumba za wajane, na sisi wenyewe tukafulia majivu ya maganda ya ndizi. Mama alisema wazi kwamba wema huo ungemfaa zaidi kama angekuwa yeye anayefua.

Lakini jambo ambalo vita viliacha kwa Baba, na ambalo sisi watoto wake tuliishi nalo kila siku, lilikuwa barabara. Hakuturuhusu kupanda nyuma ya lori. Kabisa. Katika Tabora ya miaka ya themanini hilo lilikuwa karibu sawa na kusema tusisafiri, kwa sababu kwenda Sikonge au Urambo watu walikaa juu ya magunia ya tumbaku. Kaka yangu alikosa mashindano ya mpira ya shule kwa sababu timu ilipelekwa kwa lori. Alilia, akasusa kula, Baba akampeleka kwa baiskeli mpaka alipoishiwa nguvu, na walipofika mechi ilikuwa imekwisha.

Ndani ya basi ilikuwa aibu. Alikaa nyuma ya dereva, akasikiliza injini. Gia ikiingizwa vibaya aliguna. Kwenye mteremko aliinama mbele na kusema kwa sauti ya chini ya kambini, "Punguza, kijana." Madereva wengine walikasirika, wachache walipunguza. Mara moja dereva alimjibu kwamba mzee ashuke aendeshe mwenyewe, na Baba akasimama kweli, kwa utii wa mtu aliyepewa amri, mpaka abiria wakamrudisha kitini.

Nililielewa shauri hilo nikiwa mwalimu tayari, mwenye watoto wangu. Nilisoma kwamba hesabu iliyotolewa na serikali baada ya vita ilitaja askari 373 wa Tanzania waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliokufa mapiganoni. Waliobaki walikufa kwa ajali na mambo mengine yasiyo ya risasi. Nikamsomea Baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Aliniomba nirudie nambari ya pili, nikairudia.

"Hao tisini na sita ni wa Amin," alisema. "Hao wengine, wengi wao ni wetu sisi madereva."

Nikamwambia si kosa lake, barabara zilikuwa mbaya, magari yalikuwa mabovu, watu walikuwa hawajalala. Alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mkoa mwingine. Kisha akanieleza usiku mmoja kati ya Kyaka na Mutukula, lori la mbele yake, vijana wa mgambo waliokuwa wakiimba ndani ya turubai, ukingo wa barabara ulioliwa na maji. Hakulipindua yeye. Alikuwa wa pili katika msafara, taa zimezimwa kwa amri, naye alijua wimbo umekatika kabla ya kujua lori limeanguka. Alisema walivutwa mpaka asubuhi. Kisha akarudi kwenye mnyororo wake.

Mwaka 2007 aliniomba nimpeleke Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya askari waliokufa katika vita hivyo. Tulipita Nzega, Kahama na Biharamulo kwa mabasi ambayo sitaki kuyaeleza, naye aliguna njia nzima. Kaboya makaburi yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama paredi, na yeye alipita mstari kwa mstari, mikono nyuma, bila haraka, akisoma. Sikumfuata. Askari kijana aliyetunza mahali pale alimpigia saluti alipojua ni nani, Baba akaipokea, kisha akamwuliza chokaa wanapata wapi na wanapaka mara ngapi kwa mwaka. Walizungumza juu ya chokaa muda mrefu. Kesho yake tulikwenda Kyaka tukasimama darajani, tukatazama kuta za kanisa lililobomolewa na vita. Mto Kagera ni mpana kuliko nilivyouwaza nikisoma zile barua, na una kasi. Malori ya mizigo yalipita yakielekea Uganda, moja baada ya jingine, yamejaa mpaka juu, na Baba aliyakagua matairi.

Amin alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Habari zilitufikia Agosti 2003, na majirani wawili wakaja mbio kumpongeza Afande, kana kwamba ni kazi yake iliyokamilika.

"Amefia wapi?" aliuliza.

"Jidda. Hospitalini."

"Kitandani?"

"Kitandani."

"Haya," akasema, akawakaribisha chai. Tofauti na siku Mwalimu alipofariki, Oktoba 1999, ambapo alivaa koti la suti na medali zake, akakaa kando ya redio mchana kutwa na asiruhusu mtu aizime, hata betri zilipoanza kufifia.

Baba alikufa masika ya mwaka 2014, nyumbani Isevya, baada ya ugonjwa mfupi. Alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri, jeneza likipokezanwa mabegani kama ilivyo desturi, na wastaafu wenzake walioweza kutembea walilipokea kwa zamu yao kwa hatua za pamoja, bila mtu kuwaambia. Kikosi kilituma watu. Mengine ya siku hiyo siyakumbuki vizuri na sitajifanya nayakumbuka.

Khitma naikumbuka. Wazee walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, mimi nikipita na birika, na baada ya dua mmoja wao, aliyekuwa mpiga mizinga, alianza kusimulia Lukaya. Barabara pale imeinuliwa katikati ya kinamasi, alieleza. Walibya na askari wa Amin walikuja juu yake Machi 10 na makombora, kikosi chetu kilichokuwa mbele kikarudi nyuma, na mpaka wenzetu walipowazunguka kesho yake hali ilikuwa mbaya. Akasema usiku huo lori la marehemu lilizama ukingoni, akaambiwa aliache akimbie, akakataa, kwa sababu hakuwepo wa kumsainia kwamba amelikabidhi. Watu wakacheka. Mzee wa pili, utingo wake wa zamani, akasema lori halikuzama. Liliishiwa mafuta. Wa kwanza akasema yeye alilisukuma kwa mabega yake. Wa pili akamwuliza mpiga mizinga anasukuma lori la nani, na mzinga wake alimwachia nani. Sauti zikapanda. Shehe akakohoa.

Mama alikuwa ndani, ameanza eda, hakutakiwa kutokeza. Sauti yake ikaja kupitia pazia la dirisha.

"Lilizama," alisema. "Aliniambia mwenyewe. Na waliolitoa walikuwa Waganda wa kijijini, wanaume wanne na mama mmoja. Nyie wote wawili hakuwataja."

Turubai zima likanyamaza kidogo, kisha utingo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Mpiga mizinga aliniita nimwongeze chai, akasema na sukari isiwe ile ya foleni, akaanza kusimulia upya, safari hii kuanzia Kyaka.